Eda Yangu na Moshi wa Korosho

Talaka yangu ilitokana na kipande cha samaki. Sisemi samaki ndiye aliyetuachanisha, maana ndoa haifi kwa changu mmoja, lakini jioni ile mume wangu alifunua sufuria kama kawaida yake, akahesabu vipande, akakuta kimoja kimepungua. Nilikuwa nimempa fundi aliyeshinda juani akituzibia bati lililokuwa likivuja. Nikamwambia hivyo. Akasema mwanamke anayegawa mali ya mumewe bila idhini hafai kuitwa mke. Nami, kwa mara ya kwanza tangu anioe, nikamjibu kwamba kama samaki ndiyo mali, basi akaifungie kwenye droo pamoja na fedha zake. Mjomba wake alikuwa ameketi nasi mkekani akinawa mikono. Talaka moja ikatamkwa mbele yake, na yeye bado mikono iko kwenye bakuli la maji.

Tulikuwa tukiishi Lindi mjini. Mume wangu alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki, na aliyekuwa akiuza dukani ni mimi. Nilijua cheni ya pikipiki gani inaingia wapi, nilijua mteja gani anadanganya, nilibishana na mafundi mpaka wakaniheshimu. Lakini droo ya fedha ilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo ulikaa mfukoni mwake. Nikitaka hata dawa ya kichwa nilieleza kichwa kinaumaje. Siku niliyoondoka nilikuwa na mabegi mawili ya nguo na sina hata nauli. Nauli alinipa yule mjomba, akanipenyezea kwa aibu pale stendi, akaangalia pembeni. Nilimshukuru, ila nakumbuka pia kwamba aliisikia talaka ikitolewa kwa ajili ya samaki na hakufungua mdomo.

Nikarudi kijijini Tingi, kwa mama.

Asiyejua mambo yetu nimweleze kidogo. Mwanamke akipewa talaka moja anakaa eda, na ndani ya eda ile mume ana haki ya kumrejea. Hahitaji mahari mpya wala ndoa mpya. Akija akasema nimekurejea, umerejewa, unafunga mabegi yako unamfuata. Eda ikiisha kabla hajasema neno, basi, kila mtu na njia yake. Na hesabu ya eda haiko kwa shehe wala kwa mume, iko kwenye mwili wa mwanamke mwenyewe, kwa hedhi zake. Anayejua imefika wapi ni yeye.

Kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa inasubiri. Majirani walikuja kunipa pole, wakaketi, wakashika tama, wakasema atakuja tu, wanaume hasira zao ni za moto wa makuti. Mama aliitikia amina. Kila Ijumaa alifagia uwanja mara mbili, akatandika mkeka mpya barazani, akakaa akiangalia njia ya kutokea barabarani. Mimi nilikaa ndani nimejifunika kanga, nimeinamisha kichwa, na kila aliyeniona alisema masikini, huzuni imemwelemea.

Huzuni ilikuwepo, siwezi kukataa. Nilikuwa nimezoea kuitwa mke wa mtu. Mchana nililala usingizi mzito kama mgonjwa, na nikiamka nilisikia aibu ya kuwa mtu mzima ninayelishwa na mama yangu mjane. Lakini chini ya huzuni kulikuwa na kitu kingine ambacho sikuthubutu kumwambia mtu. Siku ya pili tu nyumbani kwa mama niliingia jikoni, nikafunua chungu, nikachukua kipande cha samaki nikala nimesimama. Nikachukua na cha pili. Nikasubiri. Hakuna aliyekohoa mlangoni kama mume wangu, hakuna aliyeuliza. Nilisikia raha mwilini mpaka nikajishtukia, nikafunika chungu haraka nikarudi kujifunika kanga yangu. Mwanamke gani huyo anaachwa halafu anafurahi? Nilijiona mbaya. Na hofu ikaanzia hapo, maana nilielewa kwamba wenzangu wote wanaomba aje, na mimi peke yangu ninaomba asije.

Aliyenitoa kitandani ni mama mdogo, mdogo wake mama, mwanamke asiyeweza kuona mikono ya mtu imelala. Siku moja aliingia chumbani bila hodi akasema, "Mwanangu, eda haikukatazi kufanya kazi, inakukataza kuzurura. Haya, toka." Kwenye ghala la mama kulikuwa na magunia ya korosho zilizokataliwa msimuni kwa kuwa ndogo. Zilikuwa zimekaa hapo zinangojea panya. Mama mdogo alisema tuzibangue wenyewe, tuzifunge, na yeye atazipeleka barabara kuu kwa abiria wa mabasi yaendayo Dar es Salaam, kwa kuwa yeye hakuwa na eda ya mtu.

Nimekulia kwenye korosho, lakini miaka ya mjini ilikuwa imenisahaulisha adha yake. Unakoka moto nje, unaweka karai la bati lililotobolewa matundu, unamwaga korosho na maganda yake. Zikishika moto zinatema mafuta, na mafuta yale yakikugusa ngozi inababuka. Moshi wake unakaba koo, macho yanatiririka. Unakoroga kwa mti mrefu huku umegeuza uso, halafu unapindua karai, unazizima kwa mchanga. Zikipoa unapaka mikono majivu, unakaa mkekani, unagonga moja moja kwa kijiti, taratibu, lipasuke ganda isipasuke korosho yenyewe. Ikivunjika haina bei. Siku za kwanza nilivunja nyingi nikasonya mpaka mama akanicheka. Baadaye mkono ukakumbuka.

Jioni mama mdogo aliporudi na mauzo ya kwanza alinikabidhi fedha zote mkononi, akaenda zake kuoga. Nikabaki nimezishika. Mtu anaweza kucheka, lakini sikujua nizipeleke wapi. Niliketi na fedha zile kwenye kiganja nikingoja mtu aje aziulize. Giza likaingia, mama akawasha taa, akanipita, akasema tu, "Mbona umekaa gizani?" Nikazifunga kwenye pindo la kanga. Kibanda nilicho nacho leo pale barabarani, kikundi cha kina mama tunachoweka na kukopeshana, chumba na sebule niliyoezeka mwenyewe nyuma ya nyumba ya mama, hayo yote yalikuja polepole, kwa kuanguka na kuinuka. Lakini nikiulizwa nilianza lini kusimama, nitasema ni jioni ile, fedha zikiwa pindoni na hakuna aliyeuliza.

Hata hivyo hofu ilikuwa pale pale. Niliwaza, nikijenga hiki kidogo, halafu aje aseme nimekurejea, itakuwaje? Nitabeba mabegi yangu, na hata pindo la kanga litafunguliwa. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo karibu na kwetu niliacha kubangua nikasikiliza mpaka ipite. Nilimtazama mama akifagia uwanja siku ya Ijumaa nikajisemea, huyu ndiye wa kunipeleka kule tena, na atanipeleka kwa nia njema.

Siku aliyokuja mtani ilikuwa asubuhi yenye mawingu. Kazi ilikuwa imeongezeka, majirani wanne walikuwa wamekuja kutusaidia kubangua, kila mmoja aondoke na fungu lake. Tulitandika majamvi uwanjani. Karai lilikuwa linawaka, na kwa ajili ya moshi kila mmoja alikuwa amejitanda kanga mpaka puani, macho mekundu, machozi yanachuruzika, hakuna anayeongea maana ukifungua mdomo unameza moshi. Mimi nilikuwa nimeketi kizingitini, nimejifunika.

Akatokea mwanamke mmoja mnene kutoka pwani, beseni la ng'onda kichwani. Alikuwa akipita mara moja moja kuuza samaki wake wakavu, tukamjua kwa sura na kwa kabila, na kabila lake ni watani wetu sisi Wamatumbi tangu mababu. Akasimama. Akatazama majamvi. Akatazama wanawake waliojitanda wanaolia kimya. Akatazama moto mkubwa. Akanitazama mimi mlangoni. Akatua beseni, akavua ndala, akaja akajilaza chali katikati ya uwanja, kama watani wafanyavyo msibani.

"Sipishi mtu!" akapiga kelele. "Wamatumbi nyie hamna haya! Mnazika bila kuniita mtani wenu, mnaogopa nitakula ubwabwa wote? Jeneza halipiti hapa mpaka mnilipe! Na huyo maiti wenu namjua, alikuwa mlafi, ndiyo maana kafa!"

Mama aliruka. "Astaghfirullahi! Inuka, mwanamke! Hapa hakuna msiba!"

"Hakuna msiba, mnalia nini?"

"Moshi wa korosho!"

Mtani akainua kichwa, akanusa, akaona karai. Mtu mwingine angeona haya akaondoka. Yeye akageuza shingo akanionyesha kwa kidole. "Na huyo mfiwa mlangoni? Naye kalizwa na korosho?"

Mama akashika mwiko kama anayetaka kuondoka nao. Mama mdogo, ambaye mdomo wake haujawahi kumsaidia, akasema, "Huyo kaachwa. Yumo edani."

"Ala!" Mtani akaketi kitako. Nilidhani ataniambia pole kama wengine. Akapiga makofi. "Si ndiyo msiba wenyewe huo! Kumbe maiti ni ndoa! Mbona mnanificha? Haya, nisimulieni marehemu alikuwaje, nimlie vizuri."

Wanawake wakaanza kucheka ndani ya kanga zao. Mama mdogo akamweleza habari ya kukohoa mlangoni, ya kufunua sufuria, ya kuhesabu vipande. Sikujua kama anayajua yote yale. Nadhani nilikuwa nimeyasema usingizini. Mtani akainuka, akachukua kanga moja akaifunga kiunoni kama msuli, akaokota kijiti akakishika kama bakora. Akaenda mpaka nyuma ya banda la kuku. Akakohoa.

Wallahi, alikuwa mume wangu mtupu. Hakuwahi kumwona hata siku moja, lakini alikohoa vile vile, kikohozi cha mtu anayetaka watu wanyamaze kabla hajafika. Akaja kwa hatua za kupima, tumbo mbele, akainamia karai la korosho, akachungulia kwa jicho moja.

"Korosho zilikuwa mia sita," akasema kwa sauti nzito. "Mbona naona mia sita kasoro moja? Nani alikuja hapa? Nani kala? Fungua mdomo!" Akamfuata mama mdogo, akamshika taya, akamchungulia kooni. "Naiona! Iko pale! Itoe, mali ya mume hiyo!"

Nilianza kucheka kwa pumzi ndogo ndogo, nikiuma kanga. Alipomchungulia jogoo mdomoni sikuweza tena. Nilicheka mpaka nikaanguka kutoka kizingitini, nikacheka nimelala mchangani, na sijui ni wakati gani kicheko kiligeuka kilio, maana nililia pia, kilio cha kweli ambacho sikuwa nimekilia tangu Lindi. Hakuna aliyeninyamazisha. Mtani aliendelea na kazi yake. Alichukua jembe, akachimba kishimo pembeni ya uwanja, akasukumia maganda ya korosho, akafukia, akakanyaga kanyaga kwa visigino.

"Ndoa tumeizika," akasema, akihema. "Sasa nauliza mbele ya wafiwa. Yupo anayetaka marehemu afufuke?"

"Hapana!" nikasema.

Ilitoka kabla sijaifikiria, na ilitoka kwa sauti kubwa. Sauti pekee ilikuwa ya korosho zikipasuka motoni. Kila mtu alikuwa anaomba nirejewe, na mimi nimetamka mbele ya majirani, mchana kweupe, kwamba sitaki. Mama alinitazama kidogo. Halafu akaweka mwiko chini, akaingia jikoni, asitoke mpaka mtani alipokwisha kulipwa korosho zake akabeba beseni lake akaenda zake akiimba.

Usiku ule nilijisikia mwepesi ajabu, nikala vizuri, nikalala bila ndoto. Lakini mama hakunisemesha habari ile, si siku ile wala zilizofuata. Alikuwa mpole kama kawaida, ananiuliza kama nimekula, ananipaka mafuta ya nazi mikononi palipobabuka. Ila habari ya mume wangu haikutajwa. Ijumaa alifagia uwanja mara mbili vile vile. Nikaona nimemvunja moyo.

Mwisho wa eda ulipokuwa unakaribia akaja shemeji yangu, mdogo wa mume, na bodaboda. Hakushuka vizuri hata kwenye kiti. Alimwamkia mama akasema, "Kaka anakuja Ijumaa kumchukua mkewe. Dukani mambo yameharibika, vitu havionekani vilipo, wateja wanahama. Anasema ajiandae mapema, asimcheleweshe."

Mama akasema, "Tumesikia."

Nilikuwa nyuma ya mlango. Dukani mambo yameharibika! Hata kunidanganya kidogo kwamba amenikumbuka hakuona haja. Hasira ikanipanda, lakini hasira ya mtu ambaye hana la kufanya. Ijumaa ilikuwa karibu na eda ilikuwa bado.

Alhamisi alfajiri eda yangu ikaisha.

Mwili wangu ulikuwa umewahi kidogo kuliko nilivyotegemea. Nilisimama bafuni, kwenye ua wa makuti, nikahesabu tena na tena, nikajua sikosei. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nilirudi ndani nikanyamaza. Sikumwambia mama. Niliogopa ataniambia, mwanangu, hesabu tena, labda umekosea. Niliogopa ataniambia mvumilie, mume ni mume. Kama angeniomba kwa sauti yake ile ya upole sijui ningemkatalia vipi, na sikutaka kujua. Siku nzima nikabangua korosho kimya, na yeye kimya.

Ijumaa baada ya sala mume wangu alikuja. Nilikisikia kikohozi tangu njiani. Nikaketi kitandani chumbani, mlango nimeuegesha. Nilikuwa najua sheria, najua kwamba hana tena haki juu yangu, na bado nilitetemeka kama aliyekutwa na kosa. Mkizoea kuogopa, ndugu zangu, mwili hausomi kitabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Akaketi kwenye mkeka mpya. Akaeleza safari, akaeleza duka, akasema amesamehe. Akasema yeye si mtu wa maneno mengi, amekuja kumrejea mkewe, aitwe.

Nikasimama ili nitoke niseme mwenyewe. Nilikuwa na mkono kwenye mlango mama aliposema, "Umechelewa, baba. Eda yake imekwisha."

Kisha yeye akasema, "Haiwezekani, mama. Nimehesabu."

"Umehesabu wewe," mama akasema. "Hesabu hii si yako. Imekwisha, na mwenyewe hataki. Kunywa chai, usije ukaondoka kwangu na njaa."

Sauti yake haikupanda hata kidogo. Yule bwana hakunywa chai. Nikamsikia akiinuka, akitafuta viatu, pikipiki ikiwaka, mlio ukififia kuelekea barabarani. Nilitoka. Mama alikuwa bado ameketi, birika mbele yake, mikono imekamatana mapajani, na midomo inakwenda haraka bila sauti. Nikasogea nikasikia. Alikuwa anaomba msamaha. Astaghfirullahi, astaghfirullahi, machozi yanamtoka.

Mama yangu ni mtu ambaye akipunjwa chenji na akizidishiwa anarudi dukani vile vile. Hajawahi kunidanganya hata kwamba sindano haiumi. Na eda ni jambo la dini, halichezewi. Akaniona, akasema kama mtoto, "Nimesema uongo, mwanangu. Siku ya Ijumaa, na udhu wangu. Kila Ijumaa nimekaa hapa naomba pikipiki isigeuke kwetu, nafagia ili watu wasijue ninachoomba. Leo imegeuka, sikuwa na kingine cha kusema."

Nikapiga magoti mkekani, nikamshika mikono yote miwili.

"Mama, hukusema uongo. Imekwisha kweli. Tangu jana alfajiri."

Alinitazama muda mrefu, kama anayeogopa kuamini. Halafu akanipiga kofi la begani, kofi la haja, lililouma.

"Jana!" akasema. "Na ukaniacha nitetemeke hivi?"